Mita za Iyunga, Nikiwa Wodini Iringa

Mama alivunjika nyonga wakati mimi nimeshikwa na betri za watu, na mpaka leo nikikumbuka miezi ile sikumbuki kama niliwahi kukaa kitako mahali nikatulia. Nikiwa Mbeya roho ilikuwa Iringa. Nikiwa Iringa roho ilikuwa Mbeya. Hata pale Makambako, gari linaposimama abiria wachimbe dawa na kununua mahindi ya kuchoma, mimi nilikuwa nashuka na kuzungukazunguka stendi bila kujua natafuta nini.

Nianze na betri. Zililetwa na mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya sola mjini Mbeya. Ni Mhindi, babu yake ndiye aliyefungua duka hilo, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kisafwa kuliko changu mimi niliyetoka Igowole, kule Mufindi. Alifika chuoni kwetu Iyunga, kwenye maabara ya umeme ninakofanya kazi, akashusha betri kwenye pikapu, kisha akaikalia mojawapo kama kigoda.

"Fundi," akaniambia, "wateja wangu wa Usangu wananirudishia mzigo. Wanasema betri inakufa kabla mpunga haujakomaa. Aliyeniuzia kule Dar anasema watu wa Usangu hawajui kutunza betri. Mimi nataka kujua nani ananidanganya."

Nikamwambia jambo hilo linapimika, lakini halipimiki kwa siku moja. Betri inajazwa mpaka mwisho, inanyonywa taratibu mpaka mwisho huku mtu anaandika kila dakika imebaki na nguvu kiasi gani, kisha inajazwa tena, inanyonywa tena, usiku na mchana, wiki na wiki.

"Na huyo mtu wa kuandika kila dakika ni nani?" akauliza mwenzangu wa maabara. Mwenzangu huyu ni binti wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, mdogo kwangu kwa umri, mchangamfu, mpenda sherehe, na mkono wake kwenye nyaya hauna mfano.

"Kompyuta," nikamjibu.

Tulikuwa na vyombo vya zamani vya kupimia ambavyo chuo kilipewa msaada. Mita nzito, saplai ya umeme ya kuchajia, na chombo kingine cha kunyonya umeme wa betri kama taa na pampu zinavyounyonya. Nyuma ya kila kimoja palikuwa na tundu pana lenye pini nyingi, na kwa miaka yote wanafunzi walikuwa wanalitumia kuning'inizia waya wanaofungua. Mimi na mwenzangu tukasoma tukagundua kwamba tundu hilo ndilo mlango wa kompyuta. Unaviunganisha vyombo vyote kwa waya mmoja mnene, plagi moja inakaa mgongoni mwa nyingine, kila chombo unakipa namba yake. Kompyuta ikiita namba, chombo chenye namba hiyo kinaitika, vingine vinanyamaza. Mafundi waya huo wanauita basi.

Amri ya kwanza tuliyoituma ilikuwa swali: wewe ni nani? Tukaiandika, nikabonyeza, tukasubiri. Mita ikalia ta! kwa ndani, taa ndogo ya kijani ikawaka usoni kuonyesha kwamba sasa inaongozwa kwa mbali, na kwenye skrini likatokea jina la kiwanda chake na namba yake ya kuzaliwa. Mwenzangu alipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani. Jambo moja lilituchekesha. Ukishaishika saplai kwa kompyuta, vitufe vyake vya mbele havisikii tena. Unabonyeza mpaka kidole kinauma, yenyewe inakutazama tu.

Basi kazi ikaanza, na ilikuwa inakwenda vizuri, pale kaka yangu alipopiga simu kutoka Igowole. Mama ameteleza shambani kwenye chai, kwenye ule mteremko wa nyuma ya nyumba, mvua ilikuwa imenyesha. Hawezi kusimama. Wanampeleka Iringa.

Mimi ndiye binti pekee. Kaka zangu wangeweza kumbeba na kumlipia gari, lakini kumwogesha mama hawangeweza, na mama asingekubali. Nikaomba ruhusa. Niliahidiwa ruhusa ya vipande vipande, siku kadhaa huku, siku kadhaa kule. Kabla ya kuondoka nikaiandaa kompyuta ya maabara ili niweze kuiingia kwa mtandao kutoka popote, nikamwachia mwenzangu funguo, nikapanda gari.

Walimfanyia upasuaji, wakamwekea chuma. Daktari alisema umeenda vizuri na kwamba akishapata nafuu lazima aanze kusimama mapema, asije akalala mpaka miguu ikasahau kazi. Lakini mama alikataa. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa anakuja na kile kitembeleo cha chuma chenye miguu minne, anakiweka mbele ya kitanda, anambembeleza, na mama anamwambia, "Mwanangu, kesho." Kesho yake anamwambia, "Leo baridi." Baridi ya Iringa ni kweli, lakini mama yangu amechuma chai katika ukungu wa Mufindi maisha yake yote. Alikuwa anaogopa tu.

Na mimi nilikuwa pembeni yake na kompyuta mapajani. Sikuweza kuiacha. Kila baada ya muda mfupi nilikuwa naifungua nione betri imefika wapi, mstari umeshuka kiasi gani, saplai imeanza kujaza au bado. Mguu wangu mmoja ulikuwa unacheza wenyewe.

"Huo mguu wako unatikisa kitanda," mama akanifokea siku moja, "na mimi nyonga inauma."

"Samahani, mama."

"Humo ndani unaongea na nani muda wote?"

"Naongea na mita zilizoko Iyunga. Zimeungwa kwenye basi."

"Basi gani lisilo na magurudumu?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Nikaona nimwonyeshe. Siku hiyo betri ilikuwa imemaliza zamu yake, kwa hiyo chombo cha kunyonya umeme kilikuwa hakina kazi. Nikampigia mwenzangu simu, nikaweka spika, nikamwomba asimame mbele yake. Kisha nikamsogezea mama kompyuta, nikamwonyesha kitufe.

"Mama, shikamoo," mwenzangu akasema kwenye simu.

"Marahaba. Haya, nabonyeza." Akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu kana kwamba anaua kupe. "Imewaka?"

"Imewaka, mama! Imelia na taa yake ipo."

Mama akaniangalia mimi, akaiangalia simu. "Mnanichezea."

"Bonyeza tena uizime," nikamnong'oneza. "Sitamwambia kitu."

Akabonyeza. Mwenzangu akasema, "Imezima sasa hivi, mama."

Aliwasha na kuzima mpaka mwenzangu akaomba aende kunywa chai. Jioni hiyo kila nesi aliyeingia wodini alisalimiwa "kamwene", salamu ya kwetu, na kupewa habari kwamba bibi huyu amewasha mashine Mbeya akiwa amelala. Kisha akanigeukia. "Sasa si uliunge na jiko langu kule Igowole, kaka yako asilale na njaa?" Nilicheka sana. Lakini baada ya muda mguu ulianza tena kucheza, na mama akageukia ukutani.

Ikaja Jumamosi moja. Mchana, muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha na mimi nimeruhusiwa kubaki. Wodini mtandao ulikuwa haushiki vizuri, ila mwisho wa korido, kwenye dirisha la karibu na ngazi, ulikuwa unashika. Nikaenda hapo na kompyuta nikaiweka juu ya kizingiti cha dirisha.

Siku hiyo betri moja ilikuwa katika hatua ambayo haitakiwi kuachwa. Ilikuwa inajazwa kwa nguvu kuliko kawaida, kwa muda mfupi, kisha kompyuta inatakiwa kuiambia saplai ishushe. Betri ya tindikali ukiisukuma hivyo ukapitiliza inachemka, inatoa gesi, na ile gesi inalipuka kwa cheche ndogo tu.

Nikaangalia namba ya volti kwenye skrini. Nikaangalia tena. Ilikuwa ileile mpaka tarakimu ya mwisho. Mita ya kweli haitulii hivyo. Tarakimu ya mwisho siku zote inachezacheza, inapanda, inashuka. Namba iliyotulia kabisa ni namba ya zamani.

Nikatuma amri ya kuzima saplai. Haikujibu. Nikatuma tena. Nikatuma lile swali la kwanza, wewe ni nani, kwa kila namba, moja baada ya nyingine. Kimya. Saa ya skrini ikaniambia namba ile ilikuwa imeganda muda mrefu, tangu nikiwa namlisha mama uji wa mchana.

Baadaye tulielewa kilichotokea. Umeme ulikatika Iyunga na kurudi hapohapo. Mita, ambayo ilikuwa imechomekwa ukutani, ilizima na kuwaka upya, na kile kidude kinachounganisha kompyuta na basi kikaganda katikati ya sentensi. Tulikuwa tumeweka ukomo, kwamba chombo kisipojibu saplai izimwe, lakini amri ya kuzima nayo ilipaswa kupita kwenye kidude hichohicho. Saplai yenyewe, pamoja na kompyuta, ilikuwa kwenye UPS, lile sanduku la betri linaloshikilia umeme ukikatika, haikuhisi hata kama umeme umekatika. Ikaendelea na amri ya mwisho iliyopewa, kusukuma. Lakini pale dirishani nilijua kitu kimoja tu, kwamba betri inachemka kwenye chumba kilichofungwa na mkono wangu haufiki.

Nikampigia mwenzangu. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikakumbuka alikuwa kwenye send-off ya binamu yake, ukumbini Mwanjelwa, na muziki wa kumbi zile naujua. Nikatuma ujumbe. Nikampigia mlinzi wa chuo, akaniambia hana funguo ya maabara yetu, ila atakwenda asimame nje ya dirisha asikie kama kuna kitu. "Usivunje kitu, usiwashe kitu, na kama una sigara izime," nikamwambia. Nilikuwa natembea kutoka dirishani mpaka ngazi na kurudi, kutoka dirishani mpaka ngazi. Nikapiga tena, na tena.

Akapokea. "Dada! Hukuona picha nilizokutumia? Bibi harusi anaingia—"

"Toka nje. Toka nje ya ukumbi."

Akasikia sauti yangu, muziki ukapungua. Nikamweleza kwa maneno machache. Hakuuliza swali. Nilisikia anasimamisha bajaji, nikasikia anamwambia dereva, "Iyunga, chuoni, kaka usiangalie shimo." Tukabaki kwenye simu njia nzima bila kuzungumza, nasikia upepo na injini tu.

Kisha nikasikia viatu vya kisigino kwenye sakafu, funguo, mlango.

"Dada, harufu! Mayai viza. Betri inapiga kelele kama sufuria."

"Usiwashe taa. Usiguse plagi yoyote karibu na betri."

"Nazima saplai." Kimya. "Nimebonyeza haisikii! Nabonyeza haisikii!"

"Acha kubonyeza, imeshikwa na kompyuta! Chini ya meza ya kompyuta, hapo mlangoni, kuna UPS. Shikilia kitufe chake mpaka inyamaze. Shikilia!"

Nilikuwa napiga kelele. Nilikuwa najua napiga kelele hospitalini na sikuweza kujizuia. "Shikilia! Usiachie! Shikilia!"

Kwenye simu UPS ikalia mlio mrefu, mkali, kisha ikakatika. Na papo hapo, mbele yangu dirishani, skrini ikaniandikia kwamba mawasiliano yamepotea. Kompyuta ya Iyunga nayo ilikuwa imezima. Nikasikia madirisha ya maabara yanafunguliwa moja baada ya jingine, kisha mwenzangu anakohoa.

"Imenyamaza," akasema. "Dada, imenyamaza. Nimekaa nje kwenye ngazi na gauni la send-off. Nimelitoboa kwa tindikali, sijui nilisimama wapi."

Nikaegemea ukuta.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Nani amekufa?"

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama katikati ya korido. Ameshika kile kitembeleo cha chuma kwa mikono miwili, kanga imefungwa upandeupande, na nesi yuko nyuma yake amenyoosha mikono kama mtu anayefuata mtoto anayejifunza kutembea. Kutoka kitandani kwake mpaka pale ni mwendo mrefu.

"Mama! Umefikaje hapa?"

"Nimekuuliza nani amekufa. Nimesikia unalia 'shikilia, shikilia.' Nikajua kaka yako ameanguka kwenye mti."

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni betri."

Nesi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Bibi amenyakua hiki chuma mwenyewe," akaniambia. "Nimemwambia subiri, hakunisikia."

"Betri," mama akarudia. Kisha akaangalia chini, miguu yake, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Nirudisheni," akasema kwa sauti ndogo. Tukamrudisha hatua kwa hatua, mimi upande mmoja, nesi upande wa pili, na njia nzima alikuwa ananigombeza. Alisema nimemtia aibu kwa watu. Alisema mtu mzima hapigi kelele namna ile. Alisema kama ni kazi niifanye kazini na kama ni kuuguza niuguze. Kila alichosema kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja nilichoweza kukibadilisha wiki ile. Alipolala nilimkanda miguu. Siku iliyofuata mtaalamu wa mazoezi alipokuja, mama alimwambia asimsogezee chuma, anajua kilipo.

Ile betri iliyochemka ilikufa, tukaitupa. Niliporudi Mbeya tulihamishia saplai kwenye swichi ya saa inayokata yenyewe kwa mkono wake bila kusubiri amri ya mtu wala kompyuta, na nikamnunulia mwenzangu kitambaa cha gauni jingine. Zile betri nyingine zikaendelea na zamu zao mpaka mwisho. Jibu lilikuwa wazi. Zilikuwa hazibebi hata nusu ya kilichoandikwa ubavuni, tangu zikiwa mpya, hata ukizitunza kama yai.

Mwenye duka aliiangalia ile mistari kwenye skrini kwa muda mrefu. Akaniomba nimwonyeshe tena kutoka mwanzo. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimewatukana watu bure." Aliacha kuziuza, akagombana na yule wa Dar kwa simu mbele yangu kwa maneno ambayo sitayaandika, na alipopata mzigo mwingine, ambao sampuli yake tuliipima kwanza, akaniomba nimsindikize Chimala kwa mteja aliyelalamika kuliko wote.

Mteja huyo ni Msukuma, familia yake ilishuka Usangu na ng'ombe zamani, sasa wanalima mpunga na wana pampu ndogo ya bustani. Mwenye duka alimbebea betri mpya akaingia nayo uani, jasho linamtiririka, akaiweka chini na kusema, "Bwana, nilikwambia hujui kutunza. Unajua. Betri ndiyo ilikuwa mbovu. Huyu fundi ameipima."

Yule bwana akanigeukia. "Una hakika?"

"Nina hakika. Tumezipima wiki nyingi."

Mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, akaacha kupepeta. "Muulize tena," akamwambia mumewe.

"Nimesikia."

"Muulize kama betri inakufa kwa sababu mwanamke anachaji simu za majirani."

Nikasema simu za majirani haziwezi kuiua betri isiyo mbovu, na kwamba hiyo ingekufa hata kama isingeguswa na mtu. Mama yule akaweka ungo chini. Hakucheka. Akaingia ndani, akatoka na simu na chaja yake, akasubiri mbele ya mumewe mpaka betri mpya ikafungwa waya, kisha akaichomeka mwenyewe. "Hata salamu za mwanangu aliyeko Mwanza nilikuwa nazisikia kwa jirani," akasema, si kwetu. Mumewe akamsogezea kigoda.

Walitulazimisha kula. Wali wao wa Chimala unanukia kabla hujafika mezani, na mwenye duka aliongezwa mara mbili. Mimi sikuumaliza. Nilikuwa natazama barabarani, kwa sababu kesho yake mama, aliyecheleweshwa wodini na kidonda, alikuwa anatoka hospitali na gari la mwisho la Iringa lilikuwa linapita muda wowote. Nikanawa, nikaaga, nikakimbia mpaka barabara kuu na mkoba begani, nikanyoosha mkono hata kabla sijaona gari lenyewe.